Karibu, Waitu, Taja Jina Lako

Kahigi alikuwa na mpango, na kama ilivyo mipango yake yote, ulikuwa mzuri sana kabla haujaanza.

Angeondoka Bukoba asubuhi na seva mpya ya kituo cha afya, aifunge huko Muleba mbele ya bodi nzima, wazee watikise vichwa kwa mshangao, halafu mwenyekiti wa bodi asimame aseme, "Injinia, twende nyumbani ukapate chakula." Mwenyekiti huyo alikuwa Mzee Rutashobya, mwalimu mstaafu, na nyumba yake iko chini kidogo ya kituo, ukishuka njia ya migombani. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo Klaudia. Klaudia ni binti wa Mzee Rutashobya, na ni mke wa Kahigi, ingawa tangu mwezi uliopita ukimuuliza Kahigi mkewe yuko wapi anakujibu ameenda kwao kusaidia kuvuna kahawa. Ukimwambia huu si msimu wa kahawa, anakuuliza umekuwa bwana shamba tangu lini.

Ukweli ni kwamba Klaudia alikuwa amekasirika akarudi kwao, na kilichomrudisha ni mdomo wa mumewe.

Walikuja baba wadogo wa Kahigi kutoka Kashozi, wazee wanaojua kula na kusifia. Klaudia akapika ebitoke, ndizi zetu za kupika, zikaiva vizuri, akakaanga senene, wale panzi wetu, wakakauka vizuri, akatenga na samaki. Wazee wakala, wakasifia, wakaongeza. Sasa mtu mwenye akili hapo anafanya nini? Ananyamaza na kushukuru Mungu. Lakini Kahigi hajawahi kuona sifa inapita karibu yake asiisimamishe. Alijiegemeza kwenye kochi akasema, "Huyu nisipomsimamia jikoni, hata maji anaunguza." Wazee wakacheka mpaka wakafuta machozi. Klaudia naye akacheka. Akaosha vyombo, akawatandikia wageni, na asubuhi wageni walipokwisha kuondoka akachukua begi, akapanda basi la Muleba. Na jiko lenyewe Kahigi alikuwa halijui. Tangu wahamie pale mtaa wa Bilele, Bukoba mjini, alikuwa akiingia humo kuchaji simu tu.

Kwa hesabu ya Kahigi, aliyeondoka ndiye anayepaswa kupiga simu. Kwa hesabu ya Klaudia, aliyesema ndiye anayepaswa kuja. Basi wakakaa hivyo, kila mtu na simu yake ina chaji na vocha, kila mtu anamsubiri mwenzake. Siku moja Kahigi aliandika ujumbe wenye neno moja, "Mambo," akautazama, akaona anajidhalilisha, akaufuta. Watu wa kwetu tuna ugonjwa huu, na nausema bila aibu kwa kuwa mimi mwenyewe ninao na sijapona. Tunaweza kufa na njaa mlangoni pa jirani tukisubiri yeye ndiye atuone kwanza.

Ndiyo maana kazi ya Muleba ilimfurahisha kuliko malipo yake. Ilikuwa njia ya kufika kwa wakwe bila kusema amefuata nini.

"Kwa hiyo unakwenda kumwomba radhi," alisema Najibu, mshirika wake, mtu wa umeme na nyaya, ambaye ndiye pia mwenye pikapu. Babu yake Najibu alikuja Bukoba kutoka pwani kufanya biashara akaoa hapa hapa, na mjukuu amebaki na upole wa kule na ubishi wa huku.

"Nakwenda kazini," Kahigi alisema.

"Na hiyo tai?"

Kahigi alijitazama. Ni kweli alikuwa amevaa suti na tai kwenda kulala chini ya meza na kuchomeka nyaya. "Ni heshima kwa bodi," akasema.

"Bodi imebahatika," Najibu akasema, akakanyaga mafuta. Wakapita Kemondo, wakapita Muhutwe, mvua ikanyesha ikakata ikanyesha tena, na njia nzima Kahigi alikuwa ameipakata seva mapajani kwa sababu hakutaka ilowe kule nyuma. Mlango wa pikapu ukamwachia suti kutu kidogo magotini.

Kituo chenyewe ni kidogo: korido moja, mabenchi ya wagonjwa, dirisha la mapokezi, na chumba cha stoo kilichosafishwa ili seva ikae humo. Aliyewapokea ni Matroni Magdalena, mkuu wa wauguzi, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye hajawahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. Ndiye aliyepigania seva ipatikane. Kadi za wagonjwa zilikuwa zinapotea, mtu anapewa dawa ya mwenziwe, akachoka.

"Ikikwama tutafanyaje, Injinia?" alimuuliza. "Wewe uko Bukoba, sisi tuko hapa na watu benchini."

Hilo lilikuwa swali alilolisubiri, kwa sababu jibu lake lilikuwa ndio ufundi wenyewe. Seva ile haina kioo wala kibodi. Ni sanduku la chuma linalounguruma, na ili uongee nalo unapitia kwenye mtandao. Mtandao ukikatika, au fundi akikosea mpangilio akajifungia nje, hakuna wa kukufungulia. Dawa yake ni kebo ya siriali, ile ya kizamani yenye pini tisa. Unaichomeka upande mmoja kwenye seva, upande wa pili kwenye kompyuta ya mapokezi. Kisha unaiagiza seva isikilize kwenye tundu lile usiku na mchana, na yeyote anayekuja kwa njia hiyo imuulize jina lake na neno lake la siri. Akijibu sawa, imfungulie. Mtandao uwepo usiwepo, huo mlango wa uani unabaki.

Fundi mwingine angeyaacha maneno ya kukaribisha yaliyokuja na mashine. Kahigi aliandika ya kwake. Mtu akija kwa kebo ile, seva ingemwambia: "Karibu, waitu. Taja jina lako." Hilo waitu ni neno letu la Kihaya la heshima, humwambii mtu usiyemjali, na Kahigi alilipenda sana pale kwenye kioo cheusi. Kwa kulipenda kwake, alipomaliza kuipanga seva kule dukani Bukoba alinakili mipangilio yote kwenye flashi, na alipofika Muleba akaimimina yote kama ilivyo ndani ya kompyuta ya mapokezi. Hakuchambua. Alitaka mashine zote mbili ziwe na adabu moja. Likumbuke hilo, kwa sababu yeye alilisahau mara tu alipochomoa flashi.

Akachomeka kebo huku mashine zote zikiwa zimezimwa, kama usalama unavyotaka, akajipangusa magoti, akaagiza bodi iitwe.

Bodi ikaja, wazee sita na mama wawili, wakakaa kwenye viti vya plastiki mapokezini. Mzee Rutashobya alikaa mbele, fimbo katikati ya miguu, kofia gotini.

"Shikamoo, Baba," Kahigi alisema.

"Marahaba. Habari za Bilele?"

"Nzuri, Baba."

"Nzuri," Mzee akarudia, akaangalia dirishani. Kuhusu Klaudia hakusema neno, na Kahigi naye hakusema. Tungekuwa watu wa kusema mambo, habari hii ingekwisha hapo.

Kahigi akatoa hotuba. Alianza kwa Kiingereza kwa sababu kwenye bodi kulikuwa na watu waliosoma, akaendelea kwa Kiingereza kwa sababu kulikuwa pia na watu ambao hawakusoma. Aliporudi kwenye Kiswahili alikuwa amefika kwa wadukuzi. Akaeleza jinsi watu wabaya wanavyokaa nchi za mbali wakijaribu kuingia kwenye mashine za watu, na jinsi alivyoweka ulinzi. Mtu akikosea jina au neno la siri, seva inapiga kengele, tii, na jina alilolitumia linatokea hapa kwenye kioo. Akikosea mara kadhaa mfululizo, seva inafunga milango yote mpaka itulie.

"Kwa watu wote?" aliuliza Matroni.

"Kwa watu wote, Mama. Hatutaki mchezo."

Akampa ishara Najibu. Najibu akawasha umeme, na vitu vyote vikaamka kwa pamoja, seva stooni, kompyuta mapokezini, na kisanduku cha intaneti ukutani kikaanza kumulika taa zake. Wazee wakapiga makofi. Kahigi akatabasamu, akajiweka sawa tai, akatega sikio kusikia mwaliko wa chakula.

Tii, ilisema seva stooni.

"Hiyo ni nini?" akauliza Mzee Rutashobya.

"Inajijaribu yenyewe, Baba."

Tii. Tii. Tii, tii, tii.

Kioo cha mapokezi kikajaa maandishi mekundu, na maandishi hayo yakawa yanapanda juu na mengine yanaingia chini. Kahigi akainama kuyasoma. Mtu mwenye jina "Karibu, waitu" alikuwa amejaribu kuingia, amekataliwa. Mtu mwenye jina "Taja jina lako" alikuwa amejaribu kuingia, amekataliwa. "Karibu, waitu" huyo, amerudi. Amekataliwa. Amerudi tena.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini mvamizi anajua Kihaya. Kahigi naye alijiuliza, na jibu alilolipata lilikuwa zuri mno kwake asiweze kuliacha: mvamizi huyu anamjua yeye. Ameshasoma maneno yake, sasa anamrudishia kwa dhihaka.

"Tumevamiwa," akatangaza.

Mama mmoja wa bodi akashika mkoba wake. Wagonjwa wa kwenye benchi wakachungulia dirishani.

"Na nani?" akauliza Mzee.

"Ni mtu mwenye utaalamu wa juu sana, Baba. Hili si jambo la kawaida. Anatumia maneno yangu mwenyewe." Na aibu juu ya aibu, hapo kwenye hofu yake kulikuwa na chembe ya kujisikia. Si kila fundi wa Bukoba anavamiwa kibinafsi.

Akamwambia Najibu achomoe intaneti. Najibu akachomoa. Tii, tii, tii. Akamwambia achomoe na kisanduku chenyewe ukutani. Kisanduku kikazimika. Tii, tii.

"Injinia," Najibu alisema taratibu, "intaneti sasa hivi iko mkononi mwangu. Huyu mtu anapitia wapi?"

"Alishaingia kabla hujachomoa. Yuko ndani."

Wote wakageuka kuangalia mlango wa stoo.

Matroni Magdalena alikuwa anajaribu kufungua kadi ya mtoto aliyeletwa na homa, na mashine ikamjibu kwamba milango imefungwa kwa sababu za usalama. Alimtazama Kahigi, akavuta daftari la zamani kutoka chini ya meza, akaandika kwa kalamu. Ilimuuma Kahigi kuliko kama angemtukana. Korido ilizidi kujaa, na kila aliyefika aliambiwa na aliyetangulia kwamba kuna mtu kwenye mashine.

Hapo ndipo Kahigi alipomkumbuka Kagaruki. Kagaruki ni fundi kama yeye, wa Bukoba vile vile, aliyeomba kazi hii hii ya Muleba akaikosa. Nani mwingine angejua kuandika waitu? Akampigia papo hapo, akaweka spika ili bodi isikie.

"Kagaruki, acha huo mchezo," akasema. "Nimeshakujua."

"Kahigi? Mchezo gani? Niko Rubafu kwa mama, nimepanda juu ya bati, linavuja."

"Unaingia kwenye seva yangu."

Ikasikika nyundo ikiwekwa chini. "Seva yako ina nini humo ambacho mimi nakitaka?" aliuliza Kagaruki, na aliuliza kwa dhati kabisa. Kahigi akakata simu.

Mzee mmoja wa bodi akapendekeza wasali. Mwingine akapendekeza polisi. Mzee Rutashobya hakupendekeza kitu. Alisema anatoka nje kidogo kupunga hewa, na pale mlangoni akakutana na mzee Jamali, mwenye duka la jirani, aliyekuwa anaingia kujua kulikoni. Wakaamkiana. Wakaulizana habari za nyumbani, za migomba, za mvua, za watoto walioko mbali mmoja mmoja. Kisha Mzee Rutashobya akasogea pembeni kidogo akamwambia mwenziwe, karibu, pita. Mzee Jamali akasogea pembeni akamwambia, hapana, wewe ndiye mkubwa, pita wewe. Nitapitaje na wewe umesimama, karibu. Karibu wewe. Na nyuma yao mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anasubiri njia, maana mlango ulikuwa na wenyeji wawili na hauna mgeni.

Kahigi aliwatazama wale wazee. Akatazama kioo. Karibu, waitu. Taja jina lako. Karibu, waitu. Taja jina lako.

Akapiga magoti na suti yake, akaingia chini ya meza, akachomoa kebo ya siriali.

Kimya. Mngurumo wa feni tu.

Akaichomeka. Tii, tii, tii. Akaichomoa. Kimya.

Alibaki chini ya meza. Palikuwa na vumbi, na ganda la peremende la mtoto fulani, na palikuwa mahali pazuri kuliko popote alipowahi kukaa siku hiyo. Sasa alikuwa anaona kila kitu. Seva ilikuwa imeagizwa ikaribishe kila anayekuja kwa kebo ile. Na kompyuta ya mapokezi, kwa ile flashi yake ya adabu, ilikuwa imeagizwa hivyo hivyo. Zilipoamka, seva ikasema karibu, taja jina lako. Kompyuta ikadhani huyo aliyekuja anaitwa Karibu, ikamtafuta kwenye majina yake, ikamkosa, ikamkataa, nayo ikasema karibu, taja jina lako. Seva ikadhani mgeni anaitwa Karibu. Na hivyo, na hivyo, tangu umeme uwashwe, mashine mbili zenye heshima zao zimekaribishana mpaka zikafunga hospitali.

Na hapo chini ya meza shetani akamletea sentensi tayari imeshonwa, tena kwa Kiingereza: mvamizi ametambuliwa na kufukuzwa. Nani angejua? Angetoka na vumbi lake kama mtu aliyepigana. Wazee wangempa mkono. Baba mkwe angesema twende ukale, angeshuka njia ya migombani kama shujaa, na Klaudia angemwona anakuja. Mpango ungetimia neno kwa neno. Kahigi aliifikiria sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kusema hapa bila kumharibia jina.

Kisha akaona miguu ya Matroni Magdalena ikipita kwenda kuchukua kalamu nyingine.

Akatoka chini ya meza. "Hakuna mvamizi," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo. "Ni mimi. Nilizipanga zote mbili ziwe mwenyeji. Moja ilitakiwa iwe mgeni."

Ikabidi aeleze tena, polepole, bila Kiingereza. Mara hii walimwelewa, na ndilo lililokuwa baya. Najibu aligeukia ukuta mabega yakimtikisika. Bodi ikacheka, benchi ikacheka. Bibi mmoja mwenye shuka kichwani akataka aelezwe kwa Kihaya, akaelezwa, akacheka peke yake upya. Akasema maumivu ya mgongo yatasubiri kesho, akashuka njia ya migombani kwa mwendo ambao mgonjwa wa mgongo hapaswi kuwa nao. Kahigi alimwangalia anavyoshuka. Alijua anaelekea nyumba gani kwanza.

Mzee Rutashobya peke yake hakucheka. "Kwa hiyo zilikuwa zinakaribishana," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Kila moja inamsubiri mwenzake ataje jina."

"Ndiyo, Baba."

"Na hakuna iliyoingia kwa mwenzake."

"Hakuna, Baba."

Mzee alivaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili. "Mimi naenda kula," alisema, akaondoka. Hakusema twende.

Kilichobaki kilikuwa kazi ndogo, hata naona haya kuitaja. Kahigi alikaa kwenye kompyuta ya mapokezi akafuta lile agizo la kukaribisha. Akaiacha iwe mgeni tu, ikae kimya mpaka mtu aitumie kubisha. Akachomeka kebo. Seva haikulia. Akafungua njia, na kwenye kioo cheusi yakatokea yale maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa kujipendekeza, yakimtazama: Karibu, waitu. Taja jina lako. Akaandika jina lake. Ikamuuliza neno la siri. Akaandika. Ikamfungulia mara moja, bila kinyongo. Akaondoa kufuli la usalama, na ile kadi ya mtoto mwenye homa ikafunguka.

"Sasa hata mtandao ukikatika?" Matroni aliuliza.

"Unaingia hapa, Mama. Unataja jina, unaingia."

"Haya. Asante, Kahigi," alisema Matroni. Hakusema Injinia, na Kahigi aliona ni haki.

Najibu alikuwa ameshaweka vifaa kwenye pikapu na kuwasha. "Tukiondoka sasa tunafika kabla ya mvua," akasema. Halafu, kwa kuwa ni rafiki, akazima gari tena. "Au nisinzie kidogo?"

Kahigi alisimama pale uani akiogopa, na kusema kweli kulikuwa na sababu ya kuogopa. Mwezi mzima alikuwa amejidanganya kwamba anayechelewa ni Klaudia, na kwamba siku yoyote atarudi. Sasa alianza kufikiri kwamba mtu anayechekwa mbele ya wageni anaweza asirudi kabisa. Anaweza kukaa kwao akazeeka huko na akawa sawa tu, na Bilele pakabaki sahani moja kwenye kabati. Akavua tai, akaitia mfukoni, akasema, "Sinzia," akashuka.

Nyumba ya Mzee Rutashobya ina baraza na mlango wa kijani. Kuku walikuwa barazani. Bibi wa mgongo alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya ukuta wa jiko, ametulia kama mtu aliyekwisha kufikisha mzigo. Ndani kulikuwa na sauti za sahani, na Kahigi alipofika kwenye ngazi sahani zikanyamaza.

"Hodi," alisema.

Kutoka upande wa pili wa mlango, karibu sana, ikaja sauti aliyokuwa hajaisikia mwezi mzima.

"Karibu, waitu. Taja jina lako."

Mle ndani mtu akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Kwa uzito wa kikohozi hicho, Kahigi alidhani ni mama mkwe, akatamani ardhi ipasuke.

"Injinia Kahigi," alisema. Mdomo ulikuwa umezoea.

"Umekosea. Jaribu tena."

"Klaudia, ni mimi."

"Hatuna mtu wa jina hilo. Jaribu tena."

Kahigi anajua mashine inavyofanya mtu akizidi kukosea, kwa sababu ndiye aliyeipanga. Akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. Bibi wa mgongo alisogeza kigoda ili asikie vizuri, na Kahigi akamwacha asikie.

"Ni Kahigi," alisema. "Yule aliyesema mbele ya wageni kwamba unaunguza maji. Nilisema uongo. Walikuwa wanakusifu wewe, nikaona wivu, nikataka wanisifu mimi. Kile chakula kilikuwa chako chote. Mimi sijui hata chumvi inakaa wapi mle jikoni, nimeitafuta mwezi mzima, nakula mkate. Nilikuwa nasubiri upige simu ili nisije kusema haya. Nimekukosea. Nimekuja kukuomba turudi nyumbani, na ukikataa nitakuja tena Jumamosi, bila seva."

Alisubiri. Alisubiri mpaka akaanza kuamini kwamba milango imefungwa kwa watu wote.

Kitasa kikageuka. Klaudia alisimama pale, birika la maji mkono mmoja, beseni mkono wa pili, taulo begani. Alimtazama kuanzia nywele, akashuka mpaka kwenye magoti ya suti yenye kutu na vumbi la chini ya meza, akarudi juu. Hakutabasamu, ila mdomo ulikuwa unamsumbua.

"Chumvi iko kwenye kopo la majani ya chai," alisema. Akainua birika. "Nawa. Hayajaungua."

Kahigi akakunja mikono ya koti, akanawa.